Ukimya wa Karwendel una mwenyewe

Kila kiangazi kinapoingia, Austria hurudi kwenye ugomvi uleule: barabara za changarawe zinazopanda misituni zifunguliwe kwa baiskeli zote, au zibaki kwa ridhaa ya mwenye msitu? Waendesha baiskeli wanataka zifunguliwe. Wenye misitu, wafugaji na wawindaji wanakataa. Habari hiyo ikifika kwenye simu zetu huwa imeshabadilika sura. Picha inaonyesha utepe mweupe wa changarawe ukijikunja kati ya miteremko ya kijani, ng'ombe wana kengele shingoni, gari hakuna hata moja, na chini yake mtu ameandika kwamba wenzetu wa Ulaya wamefukuza magari ili watu wapate hewa. Mwingine anajibu kwamba hayo ndiyo matunda ya utajiri: nchi ikishashiba, hujenga barabara za kuchezea.

Hakuna aliyefukuza gari pale, na hakuna aliyejenga barabara ile kwa mchezo. Ukimya unaoonekana pichani ni zao la kazi za watu wengine, kazi za magogo na maziwa, na unalindwa na kufuli ileile inayomzuia mwendesha baiskeli. Kwa hiyo wanaousoma ugomvi wa Austria kama vita ya baiskeli na magari wameupotezea njia tangu mwanzo, na wanaousoma kama vita ya uhuru na mali binafsi wamefika nusu tu. Kinachogombaniwa ni bili: nani alipe greda, nani abebe lawama mtu akivunjika mguu, na nani apate faida ya mgeni aliyekuja kwa sababu njia ni tulivu.

Tuanze na sheria, maana ndiyo iliyochora mipaka. Sheria ya misitu ya Austria ya mwaka 1975, kifungu cha 33, inampa kila mtu haki ya kuingia msituni kwa miguu kujipumzisha. Hilo si jambo dogo katika nchi ambayo karibu nusu ya ardhi yake ni msitu na takriban sehemu nne kati ya tano za msitu huo ziko mikononi mwa watu na vyama binafsi. Lakini haki hiyo inaishia kwenye nyayo. Anayetaka kupita kwa chombo lazima apate ridhaa ya mwenye ardhi au mtunza barabara, na baiskeli inahesabiwa kuwa chombo. Boriti iliyolazwa mwanzoni mwa njia ya msitu haiulizi kama umekuja na lori au na baiskeli ya kilo tisa. Ukipita bila ruhusa unaweza kupigwa faini, na kinachowatisha wengi zaidi ni kesi ya madai kutoka kwa mwenye msitu, kwa kuwa gharama za wakili huipita faini yenyewe.

Mwaka huohuo wa 1975 Ujerumani nayo ilitunga sheria yake ya misitu. Sheria hiyo inamruhusu mwendesha baiskeli kutumia barabara na njia za msituni bila kuomba mtu, kwa sharti kwamba anaingia kwa dhamana yake mwenyewe: jiwe likiporomoka au tawi likimwangukia, hiyo ni hatari ya kawaida ya msitu na mwenye msitu haulizwi. Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani linalopakana na Austria, ilikuwa imetangulia zaidi, kwani ibara ya 141 ya katiba yake ya mwaka 1946 inampa kila mtu haki ya kufurahia uzuri wa asili na kupita misituni na kwenye malisho ya mlimani. Matokeo yake ni kichekesho cha mpakani. Mtu anaweza kupanda changarawe upande wa Bavaria akiwa raia mwema, akavuka mstari usioonekana kati ya miti miwili ya misonobari, na juu ya changarawe ileile akawa mkosaji.

Waswisi walifika kwa njia nyingine. Kanuni yao ya sheria za kiraia ya mwaka 1907, kifungu cha 699, inaacha misitu na malisho wazi kwa watu wote kwa kadiri ya desturi ya mahali. Kisha sheria ya misitu ya 1991 ikasema magari yenye injini yanaruhusiwa msituni kwa shughuli za msitu tu. Hapo ndipo ilipo siri ya changarawe tulivu ya Uswisi. Haikutokana na kampeni ya kupinga magari. Sheria ilitenganisha mguu na injini, na baiskeli ikaachwa upande wa mguu, ingawa kila kantoni, yaani jimbo la Uswisi, ina nyongeza zake. Septemba 2018 wapiga kura kwa asilimia 73.6 waliingiza njia za baiskeli katika katiba, na sheria iliyozaliwa na kura hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2023. Makantoni yanatakiwa kuwa na ramani za mitandao yao ifikapo mwisho wa 2027 na kuikamilisha ifikapo 2042, na mitandao hiyo ni ya kwenda kazini na ya mapumziko pia.

Italia ina urithi wa tatu, wa vita. Barabara ya Assietta, inayokwenda juu ya mgongo wa milima ya Piemonte kwa zaidi ya mita 2,000, na ile ya Alta Via del Sale kati ya Limone na Monesi zilichongwa kwa ajili ya majeshi. Nyumbu wa kubeba mizigo na mizinga ya vita havipandi ukuta, hivyo wahandisi wa kijeshi walilazimika kuzungusha barabara taratibu, kona baada ya kona, na bila kujua wakawajengea wajukuu zao mteremko unaofaa baiskeli. Kwa kuwa si njia za msitu wa mtu binafsi, magari hupita. Ila Assietta hufungwa kwa vyombo vya moto Jumatano na Jumamosi za Julai na Agosti, na Alta Via del Sale Jumanne na Alhamisi. Huko kweli gari huondolewa, kwa zamu, kama soko la wiki. Anayetaka mfano wa kufukuza magari autafute huko, asiutafute Tirol, jimbo la Austria linalopakana na Bavaria.

Mimi naishi Munich, na njia ninayoijua kuliko zote ni ile ya bonde la Karwendel, katika milima ya jina hilo upande wa Tirol. Unashuka kwenye treni katika kijiji cha Scharnitz, mita 964 juu ya usawa wa bahari, na baada ya kilomita 18 hivi unafika kwenye nyumba ya wapanda milima ya Karwendelhaus, mita 1,771. Magari ya watu wa kawaida hayaingii. Mara ya kwanza nilipopita nilidhani nimeingia porini. Kisha nikakutana na mchungaji aliyenionyesha kwa fimbo nishuke, nitembee, kwa sababu ng'ombe wake walikuwa na ndama. Nilishuka. Nikiwa nimesimama pale ndipo nilipoyaona makalavati, moja kila baada ya hatua kadhaa, na mitaro iliyozibuliwa majani upya, na alama za meno ya greda kwenye changarawe.

Barabara ya changarawe mlimani haikai yenyewe. Adui yake ni maji. Ikikosa mgongo wa kuyamwaga pembeni, mvua moja ya radi inaigeuza alama ya tairi la lori kuwa chanzo cha mto: maji yanaufuata mfereji wa tairi, yanauchimba, na wiki inayofuata hakuna barabara, kuna korongo. Hivyo kila majira ya kuchipua, theluji ikishayeyuka, mtu anapanda na greda, anamwaga kokoto mpya, anazibua makalavati. Mtu huyo hulipwa na mwenye msitu, au na ushirika wa wakulima wanaochangia njia ili wafike kwenye malisho ya kiangazi, makambi yao ya msimu ambayo msomaji wa pwani atayaelewa haraka nikiyaita dago, na wa nyika nikiyaita ronjo. Mteremko wa njia hizo ni wa wastani kwa sababu lori la magogo halipandi zaidi ya hapo. Hata starehe ya mapafu yako imepimwa na injini ya lori.

Hapo ndipo hoja za waendesha baiskeli zinapohitaji kusikilizwa kwa makini, kwa sababu ziko zenye nguvu. Ya kwanza ni kwamba nyingi ya barabara hizo zilijengwa kwa ruzuku ya umma. Mlipa kodi aliyechangia kokoto ana haki ya kuuliza kwa nini akizuru anaambiwa ageuke. Ya pili ni usalama: kadiri barabara za mabondeni zinavyojaa malori na pikipiki, ndivyo familia zinavyokimbilia changarawe, na kuwaambia warudi kwenye lami ni kuwarudisha kwenye hatari. Ya tatu hutamkwa kidogo, nami naiona nzito kuliko zote. Njia ya baiskeli ni mzunguko, na mzunguko una thamani ukikamilika. Kilomita 58 zikiwa wazi na mbili katikati zikafungwa, umebaki na njia mbili zisizokutana.

Wenye misitu nao hawasemi upuuzi. Wanataja dhima, yaani wajibu wa kulipa mtu akiumia, na kila mmoja wao huko Tirol anaikumbuka kesi ya bonde la Pinnistal. Mwaka 2014 mgeni kutoka Ujerumani aliyekuwa akitembea na mbwa wake aliuawa na ng'ombe waliokuwa na ndama. Februari 2019 mahakama ya Innsbruck ilimwamuru mfugaji alipe karibu euro 490,000. Baadaye mahakama ya rufaa iligawa lawama nusu kwa nusu, mwaka 2020 mahakama ya juu ikathibitisha, na bunge lilikuwa limekwisha kurekebisha sheria kumkumbusha mgeni wajibu wake, lakini hofu ilikuwa imeshapanda mlimani na haijashuka. Wanataja pia wanyama. Kulungu anayesumbuliwa jioni hubaki kichakani na njaa, na akiwa na njaa humaliza machipukizi na kumenya magome ya miti michanga. Katika misitu iliyo juu ya vijiji, miti hiyo ndiyo inayozuia maporomoko ya theluji. Kwa hiyo mhifadhi msitu anapomtetea kulungu anaweza kuwa anakitetea kijiji, hata kama pembeni yake amesimama mwindaji aliyekodi eneo kwa fedha nyingi na asiyependa kuharibiwa jioni yake.

Ila tuangalie hoja hizo zinafikia wapi. Aliyekufa Pinnistal alikuwa mtembea kwa miguu, yaani mtu ambaye sheria ya 1975 ilishamruhusu kuwa pale. Hatari ya dhima ipo, baiskeli ziwepo zisiwepo, na dawa yake ni kueleza sheriani nani anabeba nini, kama Wajerumani walivyofanya. Hoja ya kulungu ina mpaka wa saa na msimu: inahalalisha kufunga njia jioni, alfajiri na wakati wa theluji. Haihalalishi boriti saa sita mchana mwezi Julai.

Iliyo dhaifu kuliko zote ni ile inayosema baiskeli zinaharibu barabara. Husemwa kwa uso mkavu, na watu huitikia. Lori la magogo likishapakia huzidi tani 40. Mtu na baiskeli yake hawafiki kilo mia moja na nusu hata akibeba chakula cha siku tatu. Barabara inayostahimili lile la kwanza haiwezi kuuawa na huyu wa pili. Nakubali kitu kimoja: wanaoshuka kwa kasi na kubana breki ghafla kwenye kona za mkunjo hukwangua kokoto na kuzisukuma nje, na baada ya wikendi yenye jua kona hizo huonekana kama zimechakurwa na kuku. Mtu mwenye reki anazirudisha kwa asubuhi moja. Ukimsikia mtu akiegemea hoja hii, jua kwamba ile halisi, ya fedha au ya uwindaji, ameiacha nyumbani.

Kwa upande wa pili, waendesha baiskeli wana udhaifu wao, nao ni kujifanya kwamba kufungua ni kuandika tu sentensi moja bungeni. Wanasema utalii utanufaika, mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji yupi? Anayepona ni mwenye hoteli bondeni, mwenye duka la kukodisha baiskeli, mwenye mgahawa. Mwenye njia huko juu, anayelipa greda, hupata vumbi na takataka za vifungashio vya chokoleti. Haki bila bajeti humhamishia yeye gharama, na akishaona hivyo ana silaha moja isiyohitaji mahakama: haitengenezi tena barabara zaidi ya mahitaji ya lori lake, na lori halihitaji ulaini.

Tirol ililiona hilo mapema. Tangu 1997 jimbo hilo linatumia mfumo wa mikataba: kijiji au chama cha utalii kinakubaliana na mwenye ardhi, njia inawekwa alama, mwenye ardhi analipwa fidia, na jimbo linabeba bima ya dhima. Kwa mtindo huo zimefunguliwa zaidi ya kilomita 5,000. Anayeidharau kazi hiyo hajawahi kujaribu kuwakutanisha wakulima thelathini wa ushirika mmoja kwenye chumba kimoja. Lakini mkataba ni mkataba. Mmoja akikataa, mzunguko umekatika. Mrithi akija na mawazo mengine, anausitisha. Na majimbo mengine ya Austria hayakufika mbali kama Tirol, hivyo ramani ya nchi ina mabaka, na mgeni hana namna ya kujua baka moja linaishia wapi hadi akutane na boriti.

Msimamo wangu basi ni wa kuchanganya, na najua hautampendeza yeyote kikamilifu. Barabara ya msitu inayotosha lori iwe wazi kwa baiskeli kisheria, mchana, katika miezi isiyo na theluji, na mwenye msitu abaki na mamlaka ya kuifunga anapokata miti. Njia nyembamba za miguu zibaki kwenye mikataba. Dhima ihamishwe kwa anayepita. Na fedha za greda zitoke kwenye tozo ambazo Tirol tayari inamtoza mgeni kwa kila usiku anaolala na kila biashara inayonufaika naye, kwa kipimo cha urefu wa njia, ziende kwa anayeitunza. Bila kipande hiki cha mwisho, vile vya mwanzo ni hisani ya kulazimishwa.

Wapo wanaoonya kwamba ukiifungua kufuli kwa baiskeli, injini zitafuata. Wasiwasi huo ungekuwa na maana kama isingekuwa Uswisi na Bavaria, ambako mstari kati ya mguu na injini umeshikilia kwa miongo. Wanachopaswa kuangalia ni baiskeli ya umeme. Ujerumani mwaka 2023 zaidi ya nusu ya baiskeli mpya zilizouzwa zilikuwa na mota. Sheria za Ulaya zinaihesabu ile ya wati 250 inayosaidia hadi kilomita 25 kwa saa kuwa baiskeli tu, na kisheria hilo limekwisha. Kimlima halijaisha. Zamani mlima wenyewe ulikuwa bawabu: aliyefika mita 1,800 alikuwa amejifunza breki njiani. Sasa hufika mtu aliyekodi chombo asubuhi hiyo, kizito, na anaanza kuteremka kati ya ndama. Simlaumu, nina jamaa wa umri wa miaka 70 anayeyaona malisho yale kwa sababu ya mota. Lakini idadi ya wanaopita ndiyo itakayoamua kama wafugaji wataendelea kuvumilia, na idadi haiwezi kudhibitiwa kwa boriti iliyowekwa zama za baiskeli za chuma.

Msomaji wa kwetu anaweza kusema haya ni mambo ya wenye nafasi, sisi tunataka lami. Ni kweli, na ndiyo tofauti yetu kubwa. Barabara ya vumbi ya Narok au ya Lushoto ni barabara ya umma inayosubiri zamu yake. Ukimya wake ni wa muda. Tangu 2021 mbio za Migration Gravel Race zinawapitisha waendeshaji kwenye changarawe ya nchi ya Wamaasai huko Kenya, na marehemu Sule Kangangi, aliyefariki mashindanoni Vermont, Marekani, Agosti 2022, aliuona mchezo huo kama mlango wa waendeshaji wetu kwenda duniani. Siku lami itakapofika, nani atadai kwamba njia ya zamani ya ng'ombe ibaki bila magari, na atamdai nani? Kwetu hakuna ushirika wa wakulima wenye kufuli wala wenye greda.

Hata hivyo, kinachonisumbua zaidi huko Karwendel kipo nje ya boriti. Siku ya Jumamosi yenye jua, maegesho ya Scharnitz hujaa, na nyuma ya nusu ya magari hayo kuna vibebea baiskeli. Changarawe isiyo na magari imeyavuta magari hadi mlangoni pake. Tirol yenyewe inajua maana yake: tangu kiangazi cha 2019 imekuwa ikizuia, mwishoni mwa wiki, magari ya wapita njia kuacha barabara kuu na kupenya vijijini kukwepa foleni ya Brenner, njia kuu ya kuvuka milima kwenda Italia. Kijiji kikishalindwa dhidi ya anayekwenda Italia, anabaki anayekuja kutafuta ukimya. Treni kutoka Munich inasimama palepale, reli ikiwa imefika tangu 1912, ila nafasi za baiskeli ndani yake ni chache na Jumamosi hugombaniwa. Nikiulizwa euro ya kwanza ya mpango wowote iende wapi, ningesema behewa moja zaidi, na ada ya maegesho yale ipande bonde, kilomita 18, kwa yule mwenye greda.